Breka ya Mzigo na Breka ya Uvujaji: Kuandaa Sanduku la Umeme la Nyumba kwa Chaja ya Gari katika Mazingira ya Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuandaa sanduku la umeme la nyumba ili lihimili chaja ya gari la umeme, kwa kuzingatia mazingira ya Wilaya ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda. Hoja yake kuu ni kwamba usalama wa mtumiaji wa chaja unategemea vifaa viwili vilivyomo ndani ya sanduku. Vifaa hivyo hufanya kazi tofauti kabisa, ingawa katika mazungumzo ya ufundi mara nyingi vyote huitwa "breka". Makala inaonyesha kwa hesabu fupi kwa nini breka ya kawaida haiwezi kumkinga mtu anayegusa bodi ya gari lenye hitilafu, inaeleza nafasi ya waya wa ardhi na kinga ya radi, kisha inapendekeza istilahi mbili za Kiswahili zitakazosaidia mafundi kutenganisha vifaa hivyo kwa jina kabla ya kuvitenganisha kwa mkono.

1.0 Utangulizi

Gari la umeme si habari ya mbali tena nchini Rwanda. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Volkswagen ilizindua majaribio ya magari ya e-Golf jijini Kigali, na mwaka huohuo pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand zilianza kubeba abiria katika jiji hilo. Mwaka 2021 Serikali ya Rwanda iliidhinisha hatua za kuhimiza usafiri wa umeme, zikiwamo misamaha ya kodi kwa magari, betri na vifaa vya kuchajia. Tangu hapo swali la mahali pa kuchajia limetoka katika ofisi za wataalamu na kuingia katika nyumba za watu.

Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ipo zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigali kwa barabara inayopita Huye na kupanda msitu wa Nyungwe. Gari la umeme linalofika Kamembe baada ya safari hiyo huwa limetumia sehemu kubwa ya betri yake. Kwa mkazi wa huko, mahali pa kawaida pa kuijaza upya ni nyumbani, usiku, wakati familia imelala. Jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa mzigo mkubwa kuliko yote ya nyumba hufanya kazi saa ambazo hakuna mtu anayeuangalia.

Wilaya hii haina ugeni na umeme. Mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu huendesha kituo cha Rusizi ya Kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kile cha Rusizi ya Pili kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo. Hata hivyo, umeme kuzalishwa jirani hakuifanyi nyumba iwe tayari kuupokea kwa kiwango kipya. Nyumba nyingi ziliwekewa nyaya kwa ajili ya taa, redio, runinga, pasi na jokofu. Makala hii inauliza: ni nini kibadilike ndani ya sanduku la umeme kabla chaja haijafungwa ukutani?

2.0 Chaja ni mzigo wa aina yake

Vifaa vingi vya nyumbani vinavyovuta umeme mwingi hufanya hivyo kwa muda mfupi. Birika la kilowati 2 huvuta takribani ampea 8.7 kwa volti 230, lakini kwa dakika chache tu. Pasi hujizima na kujiwasha kadiri joto linavyopanda na kushuka. Chaja ya gari ya ampea 32 huvuta takribani kilowati 7.4, na huendelea kuvuta kiasi hicho kwa saa nyingi bila kupumzika.

Tofauti hii ya muda ndiyo inayodhihirisha udhaifu wa viungio. Joto linalotokea katika kiungio kilicholegea hupatikana kwa kuzidisha mraba wa mkondo kwa ukinzani wa kiungio hicho. Iwapo skrubu iliyolegea ina ukinzani wa omu 0.05, birika litazalisha hapo joto la wati 4 hivi kwa dakika tano. Chaja ya ampea 32 itazalisha wati 51 mahali palepale, usiku kucha. Wati 51 katika eneo dogo kuliko ukucha zinatosha kuunguza kihami cha waya na kuyeyusha plastiki ya sanduku. Kwa hiyo soketi ya kawaida ambayo imetumika miaka kumi bila matatizo haijathibitisha kwamba inaweza kuchaji gari. Imethibitisha tu kwamba inaweza kuchemsha maji.

Kutokana na hali hiyo, viwango vya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, hutaka kila kituo cha kuchajia kiwe na saketi yake peke yake, inayoanzia kwenye sanduku na kuishia kwenye chaja bila kugawana waya na soketi nyingine. Viwango hivyo pia hutaka mzigo wa chaja uhesabiwe wote kamili, isipokuwa pale penye kifaa cha kuudhibiti. Fundi aliyezoea kukisia kwamba vifaa vyote vya nyumba haviwezi kuwaka kwa pamoja hana ruhusa ya kukisia hivyo kuhusu chaja.

Mfano wa nyumba yenye swichi kuu ya ampea 40 unalifafanua jambo hili. Chaja ikivuta ampea 32, zinabaki ampea 8 kwa nyumba nzima, yaani pungufu ya mahitaji ya birika moja. Chaja hiyohiyo ikipangwa kuvuta ampea 16, zinabaki ampea 24, na nyumba inaendelea na maisha yake. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ampea 16 huingiza takribani kilowati-saa 37. Kwa gari dogo linalotumia kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100, kiasi hicho kinatosha mwendo wa kilomita 180 au zaidi. Mwenye nyumba anayeambiwa kwamba hawezi kuchaji bila ampea 32 anapaswa kuulizwa kwanza anasafiri kilomita ngapi kwa siku. Iwapo mahitaji yake ni makubwa kweli, ombi la kuongezewa uwezo wa laini hupelekwa kwa EUCL, kampuni ya usambazaji iliyo chini ya REG, kabla ya kununua chaja.

3.0 Breka mbili, kazi mbili

Mtu akifungua sanduku la umeme la nyumba ataona vifaa vyenye vishikizo vidogo vilivyopangwa kwenye reli. Kwa macho, vinafanana. Kwa kazi, vimegawanyika katika makundi mawili yasiyoweza kubadilishana nafasi.

Kundi la kwanza ni la breka inayokata umeme pale mkondo unapozidi kiwango kilichoandikwa juu yake, iwe kwa sababu ya mzigo mkubwa au kwa sababu waya moto umegusana na nyutro. Kifaa hiki hulinda waya. Kanuni yake ni fupi: mkondo wa mzigo usizidi kiwango cha breka, na kiwango cha breka kisizidi uwezo wa waya. Chaja ya ampea 32 yenye breka ya ampea 40 inahitaji waya unaoweza kubeba zaidi ya ampea 40 katika mazingira ulimolazwa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 uliobanwa juu ya ukuta unaweza kutosha, lakini waya huohuo ukipitishwa ndani ya bomba pamoja na nyaya nyingine hupoteza sehemu ya uwezo wake kwa sababu ya joto, na hapo waya wa milimita za mraba 10 ndio unaofaa. Kubadilisha breka kuwa kubwa zaidi ili "isiruke", bila kubadilisha waya, ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi ndani ya ukuta.

Kundi la pili ni la breka inayokata umeme pale mkondo unaokwenda na ule unaorudi vinapotofautiana. Ndani yake, waya moto na nyutro hupita pamoja katika pete ya chuma. Kila kitu kikiwa sawa, mikondo hiyo miwili hufutana na pete haihisi chochote. Sehemu ya mkondo ikipata njia nyingine ya kurudi, kwa mfano kupitia mwili wa mtu hadi ardhini, mizani huvunjika, pete hupata sumaku, na kifaa hukata. Kwa saketi ya chaja, tofauti ya miliampea 30 ndiyo mpaka unaotakiwa, kwa sababu mkondo unaozidi hapo ukipita mwilini kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kifaa hiki humlinda mtu.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini cha kwanza hakiwezi kufanya kazi ya cha pili. Nyumba inategemea fimbo yake ya ardhi yenye ukinzani wa omu 50. Kihami ndani ya chaja kimeharibika na waya moto umegusa bodi ya gari. Mkondo unaokwenda ardhini ni volti 230 zikigawanywa kwa omu 50, yaani takribani ampea 4.6. Breka ya ampea 40 ya aina ya B inahitaji mkondo wa kati ya ampea 120 na 200 ili ikate papo hapo. Ampea 4.6 ni zaidi kidogo tu ya nusu ya mkondo wa birika, kwa hiyo breka hiyo huiona hitilafu hii kama mzigo mdogo wa kawaida. Haitakata usiku huo wala wiki hiyo. Gari litabaki uani na bodi yenye karibu volti zote 230, likimsubiri wa kwanza atakayeligusa akiwa peku juu ya udongo ulioloa. Kifaa cha kundi la pili, kinachokata kwa miliampea 30, kingeona mkondo huohuo kuwa mkubwa mara 150 kuliko mpaka wake na kukata mara moja.

4.0 Uvujaji unaopofusha kinga

Kuwapo kwa kifaa cha kundi la pili hakumalizi kazi, kwa sababu vifaa hivyo vina aina. Betri ya gari huhifadhi mkondo mnyoofu, ilhali nyumba hupokea mkondo geu, na ugeuzaji hufanyika ndani ya gari. Hitilafu katika sehemu hiyo inaweza kurudisha uvujaji wa mkondo mnyoofu kwenye nyaya za nyumba. Mkondo mnyoofu huishibisha sumaku ile pete ya chuma hadi ikashindwa kuhisi hata uvujaji wa kawaida. Kifaa kinabaki kimewashwa, kinaonekana kizima, lakini kimepofuka.

Aina ya AC, ambayo usoni ina alama ya wimbi moja tu, haifai kabisa kwa chaja. Aina ya A, yenye wimbi na chini yake vilima vya nusu wimbi, inakubalika ikiwa chaja yenyewe ina kigunduzi kinachokata uvujaji wa mkondo mnyoofu unapofika miliampea 6. Aina ya B, ambayo alama zake huongezewa mstari mnyoofu, inatosha bila kigunduzi hicho, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi dukani liwe ni kama kigunduzi cha miliampea 6 kimo ndani ya chaja. Jibu lake ndilo linaloamua kitakachowekwa katika sanduku.

Kutokana na upofu huo pia, saketi ya chaja haipaswi kupitia kifaa cha uvujaji kinacholinda nyumba nzima. Ikipita humo, hitilafu ya gari inaweza kuondoa kinga ya soketi za jikoni na bafuni bila mtu yeyote kujua. Saketi ya chaja ichukuliwe moja kwa moja kutoka swichi kuu na ipewe kifaa chake yenyewe.

5.0 Ardhi na radi

Kinga yote iliyoelezwa hapo juu huanzia kwenye waya wa ardhi. Katika nyumba inayotegemea fimbo yake, ukinzani wa fimbo hubadilika kulingana na unyevu wa udongo. Kipimo kilichochukuliwa baada ya mvua hupendeza kuliko hali halisi ya miezi ya kiangazi, kwa hiyo ni busara kurudia kipimo wakati udongo umekauka. Fimbo ya pili ikipigwa kwa umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza na kuunganishwa nayo, ukinzani hushuka. Kuunganisha ncha ya ardhi ya soketi na nyutro, kwa nia ya kukwepa gharama ya fimbo, ni hatari kubwa. Siku nyutro itakapokatika mahali fulani, kila chuma kilichounganishwa na ncha hiyo, pamoja na gari zima, kitapata umeme.

Mazingira ya Rusizi yanaongeza sharti jingine. Vipimo vya setilaiti vilivyokusanywa kwa miaka 16, kati ya 1998 na 2013, viliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, ikiwa na mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Kabare ndiyo inayoizunguka Bukavu, na Bukavu inatazamana na Rusizi ng'ambo ya mto. Radi inayopiga karibu na laini ya nguzo huingiza ndani ya nyumba volteji kubwa ya ghafla, na saketi za kielektroniki za chaja na gari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibika.

Kizuia radi cha ndani ya sanduku, kinachofungwa karibu na swichi kuu, huielekeza volteji hiyo ardhini. Nyaya zake ziwe fupi, jumla yake isizidi nusu mita, kwa sababu kila sentimita ya ziada huacha sehemu ya volteji hiyo ikiendelea kuelekea kwenye vifaa. Kifaa hiki hakina maana bila fimbo nzuri ya ardhi, na hakiwezi kuhimili radi inayopiga nyumba yenyewe. Kwa hiyo, mawingu yanapojikusanya juu ya ziwa, njia salama ni kuzima saketi ya chaja na kuchomoa kebo mapema, kabla ngurumo hazijaanza.

6.0 Mpangilio wa kazi

Kazi hii ni ya fundi mwenye kibali cha RURA, mamlaka inayosimamia huduma hizi nchini Rwanda. Maelezo yafuatayo yanamsaidia mwenye nyumba kufahamu kinachofanyika na kuuliza maswali yafaayo.

Kwanza, mzigo wa nyumba huhesabiwa na kulinganishwa na uwezo wa swichi kuu na mita. Pili, ukinzani wa fimbo ya ardhi hupimwa, na hakuna kinachoendelea hadi matokeo yaridhishe. Tatu, umbali kati ya sanduku na gari hupimwa. Katika vilima vya Rusizi, ambako gari linaweza kulazwa karibu na barabara na nyumba ikawa chini ya mteremko, umbali huo si mdogo. Waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita 40 hupoteza takribani volti 9 kwa mkondo wa ampea 32, yaani asilimia 4, ilhali wa milimita za mraba 10 hupoteza chini ya volti 6. Nne, umeme hukatwa kwenye swichi kuu, swichi hufungwa ili mtu mwingine asiiwashe, na kipimo huthibitisha kwamba hakuna umeme kabla ya mkono kuingia sandukuni.

Ndani ya sanduku, mfuatano huwa huu: swichi kuu, kizuia radi kando yake, kisha breka ya chaja na kifaa chake cha uvujaji, au kifaa kimoja kinachounganisha kazi zote mbili. Sanduku lisilo na nafasi halilazimishwi. Sanduku dogo la pili hufungwa pembeni yake. Skrubu hukazwa kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kutumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Baada ya hapo hupimwa mwendelezo wa waya wa ardhi hadi kwenye chaja, ukinzani wa kihami kwa volti 500, ambao usipungue megaomu 1, na muda wa kifaa cha uvujaji kukata, ambao kwa miliampea 30 usizidi milisekunde 300. Mwisho, saketi huandikwa jina lake kwenye mlango wa sanduku, na mwenye nyumba huonyeshwa kitufe cha majaribio kilichoandikwa T, ambacho hukibonyeza kila baada ya miezi michache.

7.0 Jina kama sehemu ya kinga

Fundi wa Rusizi hufanya kazi kati ya lugha nne. Huzungumza na mteja kwa Kinyarwanda au Kiswahili, husoma lebo za Kiingereza, na huenda alijifunza ufundi kwa Kifaransa. Kifaransa humtenganishia vifaa vile viwili: kimoja ni disjoncteur, kingine ni différentiel. Tofauti hiyo hupotea pale vyote vinapoitwa "breka" kwa Kiswahili. Mteja anayeuliza kama breka imewekwa anapata jibu la kweli, "ndiyo", na bado nyumba yake ikakosa kifaa cha kumlinda mtoto wake.

Makala inapendekeza "breka ya mzigo" kwa kifaa kinacholinda waya na "breka ya uvujaji" kwa kifaa kinacholinda mtu. Istilahi hizi zinabakisha neno ambalo mafundi wanalo tayari, na kila moja inataja kinachokifanya kifaa kikate. Zaidi ya hayo, zinampa mteja asiye fundi swali linaloweza kujibiwa kwa kuonyesha kidole: breka ya uvujaji ya chaja hii ni ipi, na ni ya aina gani? Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Urasmi huo utapimwa pia katika mambo madogo ya aina hii, kama vile maandishi ya mlango wa sanduku la umeme.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba chaja ya gari hutofautiana na vifaa vingine vya nyumbani kwa mambo matatu: muda mrefu wa mzigo wake, uwezekano wa uvujaji wa mkondo mnyoofu, na ukweli kwamba mtu huligusa gari akiwa nje, amesimama juu ya ardhi. Jambo la kwanza hudhibitiwa kwa breka ya mzigo, waya unaolingana nayo na skrubu zilizokazwa sawasawa. La pili na la tatu hudhibitiwa kwa breka ya uvujaji ya aina ifaayo pamoja na fimbo ya ardhi iliyopimwa, na mazingira ya Rusizi huongeza hapo kizuia radi. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi vinavyofundisha kwa Kiswahili katika ukanda huu vitumie istilahi mbili zilizotajwa, na kwamba hati ya makabidhiano kati ya fundi na mwenye nyumba iwe na nafasi ya kuandika breka zote mbili, kila moja katika mstari wake, pamoja na kipimo cha fimbo ya ardhi na tarehe kilipochukuliwa.